NILIKWENDA AMANI KUKIMBIA VIDONGE, MTI UKANIRUDISHA ZAHANATI!

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza naomba radhi. Wale wote niliokutana nao vijiweni nikawahubiria kwamba dawa za hospitali ni sumu tupu, wanajijua. Leo mwenzenu nimekuja kula matapishi yangu hadharani. Ila nayala nikiwa mzima wa afya, na hilo ndilo la kushukuru.

Kisa chenyewe kilianzia hapa hapa Dar. Kazi imebana, foleni asubuhi, foleni jioni, usingizi wa mang'amung'amu, na kila ikifika Ijumaa kichwa kinagonga kama ngoma ya unyago. Mshikaji wangu mmoja, ambaye siku hizi hagusi nyama wala sukari na ngozi yake inang'aa utadhani kapakwa mafuta ya nazi, akanikalisha chini. "Mwili wako umejaa kemikali," akaniambia. "Rudi kwenye asili."

Basi nikarudi kwenye asili kwa mwendo wa basi la mikoani! Vidonge vya kichwa nikatupa. Kila asubuhi glasi ya mwarobaini wa kuchemsha, chungu mpaka machozi yanatoka. Stendi nikanunua chupa ya maji ya kahawia kwa jamaa mwenye kipaza sauti, aliyeapa kwamba inatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na mikosi ya kazini. Hata chandarua nikakitundua kitandani, maana nilisikia kimetiwa dawa. Si kemikali hiyo?

Kikumbuke hicho chandarua, msomaji wangu. Tutakirudia.

Wiki mbili za maisha hayo zilipopita nikaona bado sijatakata vya kutosha. Nikaomba likizo ya siku sita, nikafunga begi, nikaondoka kwenda Amani.

SAFARI YA MACHUNGWA

Usiniulize amani ipi. Hii ni Amani ya Muheza, mkoani Tanga, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Wengi wetu tukisikia Usambara akili inakimbilia Lushoto. Lushoto iko Usambara Magharibi, ni safari nyingine kabisa.

Kutoka Dar unapanda basi la Tanga. Mnapita Chalinze, mnafika Segera, hapo gari linakata kulia na kuwaacha wa Moshi na Arusha waendelee na njia yao. Mnapita Hale, mikonge imejipanga kama askari wa gwaride, halafu mnaingia Muheza. Ni zaidi ya kilometa 300 na ukishuka tu unajua umefika, kwa sababu unazingirwa na machungwa! Muheza na machungwa ni kama Dodoma na zabibu. Nilikula manne nimesimama pale pale, nikajisifu moyoni kwamba tiba imeshaanza.

Kutoka Muheza ndipo safari inapokuwa safari. Gari la kupanda mlimani linajaa watu, kuku, magunia na mabati, kisha linaanza kutambaa kwenye barabara ya vumbi. Unapita Kisiwani, unafika Sigi, lilipo lango la hifadhi. Pale Sigi kuna nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani, alipokuwa na reli yake ndogo ya kushushia magogo kutoka misituni. Reli haipo tena, nyumba ipo. Ukishalipa kiingilio, gari linaanza kupanda kona kwa kona. Joto la pwani linabaki chini, hewa inakuwa baridi na nyepesi, na miti inafunga juu ya barabara mpaka mchana unaonekana kama jioni.

Abiria mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa amepakata jogoo, aliniona nimetoa kichwa dirishani navuta pumzi kama mtu aliyeokolewa majini. Akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana mama, navuta hewa safi."

Akamtazama jogoo wake, akanitazama mimi, akanyamaza. Nadhani alijua kabla yangu.

MSITU WENYEWE

Niseme ukweli: Amani ni pazuri. Kijiji kiko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, kimezungukwa na msitu mnene upande huu na mashamba ya chai upande ule. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, na ina ukubwa wa hekta 8,380. Alfajiri unaamshwa na hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa ambao wakiruka mabawa yao yanavuma kama treni ya mbali. Kima na mbega wanakuchungulia toka juu kana kwamba wewe ndiye kioja. Na kwenye mawe yenye unyevunyevu kuna kaua kadogo ka zambarau ambako Mzungu mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikapeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Leo kaua hako kamejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaokamwagilia maji hawajui kametoka wapi.

Siku ya kwanza nilitembea saa nne. Simu haikuita, kwa sababu niliizima. Usiku nililala saa tatu kama mtoto wa chekechea na nikaamka bila kichwa kuuma. Wajapani wanayo namna ya kulieleza jambo hili. Tangu mwaka 1982 idara yao ya misitu inawahimiza wananchi wakaoge msituni. Si kuoga kwa maji, bali kutembea polepole katikati ya miti, unanusa, unasikiliza, huna haraka. Kwa jinsi nilivyojisikia asubuhi ile, nilikuwa tayari kuwatetea popote.

Mwenyeji wangu wa njia alikuwa mzee wa Kisambaa, mwembamba, fimbo mkononi, raba za mpira miguuni, anapanda mlima huku anaongea wakati mimi nahema kama mbwa wa mwindaji. Anajua miti kama wewe unavyojua vituo vya daladala. Huu unatoa gundi. Huu ukiukalia unawashwa. Huu ni msambu, mbegu zake zinatoa mafuta. Ule mdalasini. Alibandua kigamba akanipa nitafune, utamu wake ukanikumbusha chai ya bibi. Iliki, karafuu, pilipili manga, vyote vinastawi huku.

Nami nikaona nimempata mtu wangu. Nikamwaga siri zangu zote: mwarobaini, chupa ya stendi, vidonge nilivyotupa, chandarua nilichotundua. Nilitegemea anipe mkono.

Mzee akasema tu, "Ehee. Kesho nikupeleke ukaone mti mmoja."

MTI WA MJERUMANI

Kesho yake tulikwenda kwenye bustani ya mimea. Si bustani ya kukalia bwana harusi na bibi harusi mkapiga picha! Hii ina hekta 300. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia wajue upi utastawi huku. Njia zimeota nyasi, vibao vingi havipo, lakini miti imesimama, mingine mirefu kama minara ya simu.

Mzee akasimama mbele ya mti ambao wala usingeugeukia mara mbili. Shina la kawaida, majani ya kawaida. Akachukua kipande kidogo cha gome kilichoanguka, akaniambia nikiguse kwa ncha ya ulimi tu, nisimeze.

Mama yangu! Ukisikia uchungu, ndio ule. Mwarobaini wangu wote wa wiki mbili ulikuwa soda.

"Huo ni mkwinini," akasema.

Hapo ndipo somo lilipoanza, na mimi nawapeni kama nilivyolielewa, pamoja na niliyoyasoma baadaye. Mti huu kwao ni milima ya Andes, huko Peru na majirani zake. Karne ya 17 mapadri wa Kijesuti waliupeleka unga wa gome lake Ulaya kutibu homa. Tatizo lilikuwa moja: gome la mti huu lilikuwa na dawa nyingi, la mti ule kidogo, la tatu karibu hamna kitu. Mgonjwa alikuwa anacheza bahati nasibu. Mwaka 1820, jijini Paris, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakafanikiwa kuitoa dawa yenyewe ndani ya gome. Wakaiita kwinini. Kuanzia hapo ikawezekana kupima: huyu mpe kiasi hiki, yule mpe kile.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakaifunga bahari na dawa kutoka Ulaya ikawa shida kufika. Askari wa Mjerumani walikuwa wanaugua malaria porini. Watu wa Amani wakachukua magome ya mikwinini yao wakatengeneza kwinini humu humu mlimani. Yaani kile nilichokuwa nakikimbia Dar, kidonge, kiliwahi kutengenezwa katika msitu huu niliokuja kujificha!

"Kwa hiyo mzee," nikauliza, "mtu akiumwa malaria si anachemsha tu gome hili?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyerudia darasa. "Utachemsha kiasi gani? Kidogo, homa haisikii. Ukizidisha, masikio yanalia, moyo unakwenda mbio, unaweza usiamke. Mti una dawa, mwanangu. Lakini mti hauna kijiko."

Nikacheka, nikaona kasema utani.

HOMA YAINGIA

Jioni ile ile viungo vikaanza kuuma. Nikasema ni mlima. Usiku baridi ikaniingia mpaka kwenye meno, nikajifunika mablanketi mawili na koti. Nikasema ni hali ya hewa ya Amani. Alfajiri nikaungua kama pasi ya mkaa, jasho likalowesha shuka. Nikasema mwili unatoa sumu! Ndiyo, msomaji wangu, nilisema hivyo, kwa sababu jamaa wa stendi aliniambia nitaona dalili kama hizo sumu ikitoka. Nikanywa mwarobaini wangu niliobeba kwenye chupa. Nikautapika. Nikanywa tena.

Mzee alinikuta saa mbili asubuhi natetemeka mpaka kitanda kinapiga kelele. Hakupiga porojo. Aliweka fimbo chini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mimi nayajua majani," akasema taratibu. "Baba yangu aliyajua, babu yangu pia. Watu wanakuja hapa toka mbali kuniuliza. Mtoto wangu wa tatu alipata homa. Nikampa majani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mke wangu akasema tumteremshe hospitali, nikasema subiri, inashuka. Siku ya nne tulimbeba kwenye machela. Hatukufika naye."

Nilinyamaza. Nje kima walikuwa wanagombana mtini kama vile hakuna lililosemwa.

"Sikuacha majani," akaendelea. "Mpaka leo nikikohoa nachemsha yangu, tumbo likinikata nayajua yangu. Lakini homa siipi jina kwa macho. Homa inapimwa. Simama twende."

Nilisimama.

KIDOLE KIMOJA, MISTARI MIWILI

Zahanati haikuwa mbali, ila kwangu ilikuwa safari ya kwenda Mwanza kwa miguu. Dada muuguzi akanitoboa kidole, tone moja la damu likaingia kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki. Tukasubiri kama robo saa hivi. Mistari miwili. Malaria!

"Umefika lini huku?" akaniuliza.

"Leo siku ya tatu."

"Basi hii umekuja nayo. Mbu akikuuma leo, huugui kesho. Inachukua wiki moja, mara nyingi hata mbili. Kwani nyumbani hulalii chandarua?"

Mzee akaangalia dari. Mimi nikaangalia miguu yangu. Unaona sasa kilivyorudi?

Nikapewa dawa ya mseto: vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, ila dozi ya pili unameza saa nane baada ya ile ya kwanza. Nikaambiwa nile chakula chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini, na nimalize zote hata nikijisikia nafuu siku ya pili. Mseto ndio dawa iliyochukua nafasi ya SP nchini kwetu tangu mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya vimelea kuizoea SP kama vilivyokuwa vimeizoea klorokwini kabla yake.

Sasa subiri nikumalizie. Nilipopata nguvu nikamuuliza yule dada, kwa sauti ya kichovu ya mtu aliyeshindwa ubishi, hizi kemikali zimetoka wapi. Akacheka. "Kwenye majani," akasema.

Na ni kweli! Moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga, ambao Wachina wameutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mtafiti wao, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya tiba. Kitabu kimoja cha tabibu Ge Hong, cha miaka kama 1,600 iliyopita, kilisema mmea ule uloweke kwenye maji kisha uukamue. Hakikusema uchemshe. Mama yule akashtuka: kumbe pengine moto ndio ulikuwa unaiharibu dawa! Akatafuta njia ya kuitoa bila joto kali, na mwaka 1971 akafaulu. Alijipa mwenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Umeona mambo? Mamilioni ya watu wamepona kwa jani. Lakini ni jani lililopekuliwa, likatolewa kilicho chake, likapimwa, likajaribiwa. Hata leo Shirika la Afya Duniani halishauri mtu kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huo huo, kwa sababu kikombe hakisemi kina dawa kiasi gani, na dozi pungufu inavifundisha vimelea kuizoea dawa.

NILICHORUDI NACHO

Siku mbili za mwisho nilikaa barazani kwa mzee. Mkewe alinipikia ndizi na maharage yaliyoungwa kwa nazi, kila baada ya muda ananiletea chai ya mchaichai na tangawizi. Je, chai ile ilitibu malaria? Hapana. Ilinituliza tumbo, ilinirudishia maji mwilini na kunipa hamu ya kula. Hiyo nayo ni kazi, tena kubwa. Tatizo langu lilikuwa kuipa chai kazi ya kidonge, na kukiona kidonge ni adui wa chai.

Kwa hiyo msomaji wangu kijana, sijaja kukwambia uache asili. Nimerudi Dar nalala mapema, natembea kwa miguu jioni badala ya kung'ang'ania bodaboda kwa kila mita mia, soda nimepunguza, na kichwa cha Ijumaa kimekoma. Hakuna aliyeniuzia hivyo vitu kwenye chupa. Ila chupa ya stendi nimeimwaga, na chandarua kimerudi juu ya kitanda, kimechomekwa pande zote nne kama bahasha.

Ukitaka tiba asili, nchi hii ina sheria yake ya mwaka 2002 na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Uliza usajili. Mwenye dawa ya kweli hachukii kuulizwa. Kimbia anayekwambia dawa moja inatibu kila kitu, na kimbia zaidi anayekwambia uache dawa uliyopewa hospitali. Na homa, tafadhali, pima siku hiyo hiyo. Ya mtoto ndio kabisa, usisubiri kesho.

Kama roho inakutuma Amani, nenda. Beba koti, beba viatu vya kushika utelezi, mvua huku haina miadi. Chukua mwenyeji wa njia, usizurure peke yako, na usibandue magome, hifadhi ni hifadhi. Lipia kiingilio ujue pesa yako inalinda msitu ambao mito yake, Zigi ukiwemo, inawanywesha watu wa Tanga mjini.

Siku ya kuondoka mzee alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilitaka kumwambia neno kuhusu mwanawe, sikulipata. Nikamshika mikono miwili, nikasema, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaingiza mkono dirishani, akanipa kifungu cha mdalasini.

"Hii ni ya chai," akasema. "Ya chai tu!"

Gari likaanza kuteremka. Mwenzenu nikafunga mkanda, nikameza vidonge vinne vya mwisho.

Wasalaam, tukutane wiki ijayo!